Nyimbo Saba za Ndugu Watatu

Wako watu wasemao kwamba nyimbo za sinema za Kihindi ni wimbo mmoja tu, ulioimbwa mara elfu kwa majina mbalimbali. Hoja yao ni kwamba ukishaisikia sauti ya binti ikipanda juu kama filimbi, fidla zikilia nyuma yake na ngoma zikimfuata mbio mbio, basi umekwisha kuzisikia zote, na kinachobaki ni kumaliza betri za redio bure. Maneno haya hayasemwi na watoto. Nimeyasikia hapa Sumbawanga kwa watu wazima wenye elimu na heshima zao, na baadhi yao ni wapenzi wakubwa wa rumba na wa kwaya. Kwa kuwa hoja yenyewe imedumu muda mrefu, haifai kujibiwa kwa kelele. Yafaa ijibiwe kwa ushahidi, na ushahidi ninaouleta mbele ya wasomaji ni kanda moja tu: nyimbo za sinema ya Amar Akbar Anthony, iliyotoka Bombay mwaka 1977.

Ningeweza kuchagua nyingine, tena zenye sifa kubwa zaidi. Ipo Awaara ya mwaka 1951, ambayo Raj Kapoor aliicheza na Shankar na Jaikishan wakaitungia muziki. Ipo Mother India ya mwaka 1957, kazi ya Naushad. Ipo Sholay ya mwaka 1975, ambayo hata watoto wasiokuwa wamezaliwa wakati huo huyataja majina ya majambazi wake. Kila moja ina utukufu wake. Lakini kwa maoni yangu, kila moja ya hizo ina hali moja inayotawala tangu mwanzo hadi mwisho, ama ya huzuni ya mkata, ama ya shamba, ama ya bunduki na vumbi. Katika kanda ninayoizungumzia nyimbo ni saba, na ni shida kuzikuta mbili zilizolelewa nyumba moja.

Kabla ya kuzieleza, ni lazima msomaji akumbushwe jinsi nyimbo hizi zilivyotufikia sisi watu wa Ufipa, maana jambo hilo lina uzito katika hukumu. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Barabara ya kutoka Tunduma, ambayo leo ni ya lami, zamani hizo ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika safari yake haikuwa na saa wala siku maalumu. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Wenzetu wa Dar es Salaam walipanga foleni mbele ya majumba ya sinema kama Empire na Avalon, wakaziona picha kwanza, kisha wakaondoka wakizipiga mbinja nyimbo zake njiani. Sisi wa nyanda za juu, walio wengi, tulianza na nyimbo. Kanda ilipanda na lori pamoja na sabuni na vitenge, ikachezwa dukani na hotelini, na katika nyumba ya yule mwenye redio kaseti, hasa mwezi wa Juni na wa Julai ambapo baridi ya mahali palipo juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,800 huwakusanya watu karibu na moto. Sura ya Anthony hatukuijua. Hatukujua kama Akbar ni mnene au mwembamba. Tulikuwa na sauti tu.

Wala lugha hatukuwa nayo, ila makombo yake. Msikilizaji wa Kiswahili akitega sikio atayaokota maneno mawili matatu, kwa sababu Kihindi na Kiswahili vilikula sahani moja katika biashara ya Bahari ya Hindi, na vyote viwili vilichota kwa Waarabu: dunia, habari, kitabu, wakati, maskini, duka, gari. Makombo hayo hayatoshi kumwelewesha mtu kisa. Basi mtu aliyekaa Laela au Matai, asiyejua lugha na asiyeona picha, akaweza kusema bila kusita kwamba huyu sasa anasali, huyu anamtania mzee, huyu amelewa au anajifanya kulewa, na hawa wanapendana, huyo ndiye shahidi wangu wa kwanza. Kama nyimbo zote zingekuwa wimbo mmoja, angeyajuaje hayo?

Kisa chenyewe nitakipitia upesi. Mume na mke masikini wana watoto watatu wa kiume. Siku ya sikukuu ya uhuru wa India, tarehe 15 Agosti, mambo yanaharibika na watoto wanaachwa katika bustani chini ya sanamu ya Gandhi. Wa kwanza anaokotwa na ofisa wa polisi, Mhindu, naye anakua kuwa polisi. Huyo ndiye Amar. Wa pili anachukuliwa na fundi cherehani Mwislamu, anaitwa Akbar, anakuwa mwimbaji. Wa tatu analelewa na padre Mkatoliki, anaitwa Anthony, na ukubwani anafungua kilabu cha pombe ya magendo, ila huitenga sehemu ya mapato yake kwa ajili ya Mungu kama mtu amgawiaye mwenziwe katika biashara. Mama yao anapofuka macho. Mengine yote ni kutafutana. Mwongozaji alikuwa Manmohan Desai, mtu aliyezitoa sinema nne katika mwaka huo mmoja wa 1977, na ambaye hakuona haya kuupindua ulimwengu mzima ili mama na mwana wapishane mlangoni bila kujuana.

Msomaji asiyezoea sinema hizi yafaa ajue pia kwamba mwigizaji hasikiki akiimba. Anatembeza midomo tu. Sauti ni ya mwingine aliyesimama mbele ya maikrofoni siku nyingine kabisa. Kwa hiyo mtunzi wa muziki ndiye mwenye kazi ya kumpa kila mtu roho yake. Kazi hiyo katika Amar Akbar Anthony waliifanya wawili, Laxmikant na Pyarelal, na maneno yakatungwa na Anand Bakshi. Watunzi hao walitunukiwa tuzo ya Filmfare ya muziki bora kwa kazi hii, na wakaendelea kuipata miaka mitatu mingine mfululizo kwa sinema nyingine.

Sasa tumtazame Mohammed Rafi. Katika nyimbo saba, nne ameziimba yeye peke yake au akiitikiwa na kundi, na sehemu yake imo katika ya tano pia. Mtu angetazamia achoshe. Lakini sikiliza. Katika ule uitwao Parda Hai Parda anaimba kawali, yaani uimbaji wa Waislamu wa India na Pakistan uliotokana na nyimbo za masufii, wenye kinanda cha mkono, ngoma, na makofi ya watu wengi yanayopigwa kwa mpango kama mtwangio wa wanawake wawili katika kinu kimoja. Neno lenyewe parda ni pazia. Akbar yuko jukwaani. Binti ampendaye amekaa katika hadhira amejifunika uso, na baba mtu mkali yuko karibu naye. Rafi anaanza polepole, anaikokota sauti kama mtu anayelifunua pazia kwa ncha ya kidole. Kisha makofi yanaingia. Kisha anapanda, anapanda tena, anafika mahali ambapo msikilizaji anaamini kwamba pumzi imekwisha, naye anapata daraja nyingine ya kupanda. Nimewaona wazee wa Kifipa ambao hawajawahi kuingia msikitini wala katika jumba la sinema wakiyafuata makofi hayo kwa kugonga kibuyu.

Pindua kanda. Mtu yule yule, kwa ajili ya Akbar yule yule, sasa anamdhihaki yule baba mkali katika wimbo wa mtaani. Ile fahari ya kawali imetupwa. Sauti imekuwa nyembamba, ya puani kidogo, ya mtu anayemshitaki jirani mbele ya umati huku akijua kwamba umati uko upande wake. Hapa Ufipa hatuhitaji mkalimani kwa wimbo kama huo. Nyimbo za kumsema mtu bila kumgusa zipo katika kila kilabu cha pombe ya ulezi, na mwenye kusemwa hujijua.

Kisha, bila ya onyo, huyo Rafi anapiga magoti. Wimbo wa Sai Baba wa Shirdi ni ombi. Sai Baba alikuwa mtu wa dini aliyefariki mwaka 1918 na ambaye Wahindu na Waislamu pia humheshimu, na katika sinema anayeimba ni Akbar, Mwislamu, mbele ya madhabahu, wakati mama kipofu anaingia akikimbia hatari. Mama anapata kuona. Mtu wa akili kavu atacheka, na ana haki yake. Ila mwanzo wa wimbo ule, kabla ya ngoma kushika kasi, una unyenyekevu ambao sijausikia mara nyingi hata katika nyumba za ibada. Rafi hajipambi pale. Anaomba kama mdeni. Na ni mtu yule yule aliyekuwa akimzomea mzee wa watu dakika chache tu zilizopita! Alifariki Bombay tarehe 31 Julai 1980, na tangu hapo wametokea wengi wenye sauti tamu. Mwenye sauti nyingi hivyo katika koo moja sijamsikia.

Nimeanza na Rafi kwa sababu ya haki, lakini naungama kwamba moyo wa watu wa Ufipa uko kwa Anthony. Sababu haifichiki. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885, na toka huko imani yao ikaenea katika uwanda wetu hata ikawa shida kupata kijiji kisicho na Antoni wake. Jina lilipotajwa katika kanda ya Kihindi, watu waligeuza vichwa. Huyu wa kwetu amefika huko? Amefikaje?

Jibu ni zuri kuliko swali. Anthony Gonsalves, ambaye jina lake ndilo jina la wimbo ule, hakuwa mtu wa kubuniwa tu. Alikuwapo mwanamuziki wa jina hilo, mzaliwa wa Goa, mpiga fidla na mpangaji wa muziki katika studio za Bombay, na Pyarelal alikuwa mwanafunzi wake wa fidla. Mwanafunzi alipokuwa mtunzi mkubwa, akamlipa mwalimu wake kwa namna hiyo: akalitia jina lake katika mdomo wa India nzima. Mwalimu huyo alifariki mwaka 2012.

Tena yeye ni mmoja wa kundi kubwa. Goa ilitawaliwa na Wareno, na shule za parokia huko zilikuwa zikifundisha watoto kusoma noti na kupiga fidla kwa ajili ya ibada. Watoto hao walipokua walikwenda Bombay kutafuta kazi, na sinema zilipoanza kuhitaji bendi kubwa, wao ndio walioweza kuusoma muziki ulioandikwa. Hivyo nyuma ya nyimbo nyingi ambazo sisi tunaziita za Kihindi wamekaa Wakatoliki waliojifunzia fidla kanisani. Ndugu zao wengine walivuka bahari wakaja Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambako tuliwajua kama makarani, mafundi cherehani na wapiga muziki. Mtu aliyesoma seminari yetu ya Kaengesa, aliyefundishwa noti kwa ajili ya Misa na baadaye akaonekana amesimama na gitaa katika dansi, hatamwona Mgoa huyu kuwa mgeni.

Wimbo wenyewe ni mchezo mtupu. Ni sherehe ya Pasaka, na Anthony anatokea ndani ya yai kubwa amevaa koti refu na kofia ndefu kama bwana wa Kizungu, anatoa hotuba ya Kiingereza yenye maneno marefu yasiyo na maana yoyote, kisha anaimba. Hotuba ni sauti ya mwigizaji mwenyewe, Amitabh Bachchan. Wimbo ni sauti ya Kishore Kumar. Tarumbeta zinaingia, ngoma za Kizungu zinaingia, na hakuna hata chembe ya kawali. Kishore hakupata mafunzo rasmi ya muziki wa jadi wa India, na nadhani ndiyo maana aliweza kuimba kama mtu anayecheka na marafiki. Ile hotuba ya Kiingereza kisicho Kiingereza ilipendwa sana kwetu. Sote tumepata kusikia, katika mkutano fulani, ofisa fulani aliyezungumza hivyo hivyo kwa kuamini kwamba anaeleweka.

Wimbo wa sita ndio unaonifanya niitunze kanda hii. Ndugu watatu wanawaimbia wapenzi wao watatu, kila mmoja mahali pake, na kwa wimbo huo watunzi waliwakusanya Mukesh, Rafi, Kishore na Lata Mangeshkar. Mukesh anaimba kwa ajili ya Amar, Rafi kwa Akbar, Kishore kwa Anthony, na Lata peke yake ni sauti ya mabinti wote watatu. Mwendo ni wa taratibu. Mukesh ana ile sauti yake ya puani, nzito, ya mtu mkweli asiye na mbwembwe. Rafi ni maji. Kishore anaegemea maneno kama mtu anayeegemea ukuta. Ukiwa Kasanga pwani ya Tanganyika, au juu kwenye milima ya Mbizi, na hujui hata neno moja, utawahesabu wanaume watatu na hutakosea hesabu.

Mukesh hakuiona sinema hiyo ikitoka. Alifariki Detroit tarehe 27 Agosti 1976, akiwa katika ziara ya kuimba Marekani pamoja na Lata. Rafi akafuata mwaka 1980, Kishore mwaka 1987, na Lata mwenyewe mwezi wa Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 92. Laxmikant alikwisha kufariki mwaka 1998 na Anand Bakshi mwaka 2002. Pyarelal alibaki, akatunukiwa nishani ya Padma Bhushan na serikali ya India mwaka 2024.

Kanda hii ina kasoro, na mpenzi asiyeziona kasoro si shahidi wa kuaminika. Katika nyimbo zote saba, sauti ya mwanamke imo katika mmoja tu, na hata humo Lata amegawiwa vipande. Kwa mwimbaji wa daraja yake hiyo ni dhuluma, na sioni udhuru wake isipokuwa kwamba kisa ni cha wanaume. Wimbo wa majina ya ndugu watatu, ambao Kishore, Mahendra Kapoor na Shailendra Singh wanauimba pamoja karibu na mwisho, una kelele nyingi kuliko muziki. Unafaa kwa macho, na kwa kuwa sisi hatukuwa na macho ulituchosha mapema. Wapo pia waliosema kwamba umoja wa dini unaohubiriwa ni wa juu juu, maana ndugu wote watatu walizaliwa Wahindu. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini ni hoja dhidi ya kisa. Muziki haukumpa Mhindu fungu kubwa. Ukihesabu, Akbar na Anthony ndio waliopewa nyimbo bora.

Lipo shitaka jingine, la kwetu wenyewe, kwamba kuzipenda nyimbo za kigeni ni kudharau za nyumbani. Shitaka hili lina historia. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya namna hiyo, ilhali sinema za Kihindi ziliendelea kujaza majumba. Mimi naona kwamba nyimbo za India zilikuwa zimekwisha kupata uenyeji muda mrefu. Huko Mombasa, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijijengea jina kwa kuzichukua sauti za sinema na kuzivika mashairi ya Kiswahili safi, mengi yakiwa ya ndugu yake Ahmad Nassir, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba mashairi yale si yetu. Sisi wa Ufipa hatukufika huko. Hatukutunga juu ya sauti za Rafi; tulizisikiliza tu, na kusikiliza nako kuna adabu yake.

Adabu hiyo ndiyo inayoniogopesha sasa. Kanda za zamani zimeliwa na unyevu na vumbi, zimekatika, zimefungwa kwa gundi ya karatasi, na mwisho zimetupwa. Nyimbo hazikupotea, maana vijana wanazo katika simu zao. Huomba kujaziwa nyimbo za Kihindi kwa fundi wa kompyuta, naye huzimimina pamoja na nyingine mia mbili. Humo hupatikana kawali ya Rafi, na Anthony hupatikana daima. Lakini hupatikana kila mmoja peke yake, kati ya wimbo wa disko na wimbo wa juzi, na aliyewasikia hivyo hawezi kujua kwamba ni ndugu. Ndipo yule mtu mzima wa Sumbawanga anaposema kwamba zote ni wimbo mmoja, na kijana hana cha kumjibu.

Wimbo unaokosekana kabisa ni ule wa kwanza. Huimbwa wakati majina ya wachezaji yanapoanza kuonyeshwa, baada ya sehemu ya kisa kupita: vijana watatu wasiojuana wamelala kitandani hospitalini, kila mmoja anatoa damu, na damu za wote watatu zinaingia katika mkono wa mwanamke mmoja ambaye hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba ni mama yake. Rafi anauimba kwa sauti ya chini, bila makofi na bila mzaha. Hauchezeki, haufai arusini, na mwenye kuuza nyimbo haoni faida yake. Nimeomba kuonyeshwa simu nyingi mjini hapa, za vijana na za wakubwa, na sijaukuta hata katika moja.